Kilemba cha Mfungwa

Mara ya kwanza nilimwona akiwa ameweka mikono yote miwili utosini, vidole vimepandana, kama mtu aliyenaswa na mvua njiani. Sajini alimsukuma ndani ya zahanati, mwenyewe akabaki mlangoni.

"Daktari, angalia huyu," akasema. "Kichwa yake haiko sawa."

Mimi sikuwa daktari. Nilikuwa muuguzi wa gereza, lakini ndani ya ukuta ule kila aliyevaa koti jeupe aliitwa daktari, na nilikuwa nimechoka kuwasahihisha watu. Ilikuwa Julai, katikati ya miaka ya tisini, na anayeijua Nyeri anajua Julai ni mwezi wa namna gani. Ukungu hushuka alfajiri ukakaa hadi adhuhuri, na jua likijitokeza ni la kuonjesha tu. Wafungwa wote walikuwa wamenyolewa vipara kama kanuni ilivyotaka, na kutwa nzima nilikuwa nikipokea vichwa vinavyogonga kwa baridi. Kwa hiyo sikujisumbua kufikiri. Niliufikia mkebe wa dawa za maumivu huku nikimuuliza.

"Kinauma tangu lini?"

"Haiumi, daktari."

"Basi mbona umekishika?"

Alitazama sakafu. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mabega ya kulima na nyayo pana. Akajibu polepole, kwa sauti ya chini, jinsi wanaume wanavyosema na muuguzi wakiwa na ugonjwa wa aibu.

"Iko uchi."

Sajini aliangua kicheko. Yeye alikuwa mtu wa magharibi, mrefu, mwenye sauti ya gwaride hata akiomba chumvi, na kila alichotaka kiaminiwe alikitanguliza na kiapo. "Haki ya Mungu, daktari, hiyo ndio wimbo yake tangu aletwe. Ati kichwa iko uchi! Wewe mwandikie wazimu, apelekwe Nairobi, sisi tupumzike."

Lakini mimi ni mzaliwa wa hapa, nilielewa papo hapo. Yule mtu alikuwa Mkorino.

Kwa asiyewajua, Wakorino ni Wakristo wa kwetu, wa miteremko hii ya Mlima Kenya, ambao kwao mwanamume, mwanamke na hata mtoto mchanga hufunga kilemba cheupe. Nilikua nikiwaona Jumapili wakiteremka barabarani na ngoma zao, vilemba vinang'aa hata msimu wa matope, na mama yangu, ambaye alishindwa kutufikisha kanisani na soksi safi, aliwatazama kwa wivu mtupu. Wengi wao hawanyoi. Dawa za hospitali hawazitaki. Mgonjwa wao huombewa. Na hawaombi kichwa wazi, kamwe. Kilemba kwao si kofia ya baridi wala pambo. Mkorino kusimama mbele ya Mungu bila kilemba ni sawa na wewe kwenda kumposea mwanao ukiwa umejifunga taulo.

Sasa, gereza nalo lilikuwa na utaratibu wake. Ukiingia, nguo zako zinakwenda stoo, kichwa kinakwenda kwa kinyozi, nawe unapewa ile sare ya mistari ambayo wafungwa huiita kunguru. Hakuna aliyeulizwa ana dini gani mpaka awe tayari kipara. Kilemba chake kilikuwa kimekunjwa ndani ya mfuko wa stoo pamoja na suruali na mshipi, na tangu siku ile mikono yake ndiyo iliyokuwa kilemba. Alikula kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa kichwani. Alilala ameshika kichwa. Kwenye hesabu ya asubuhi alichapwa viganja kwa sababu mfungwa anatakiwa kuweka mikono magotini, na fimbo ikishapita aliirudisha mikono palepale.

Sajini alipotoka kwenda kuvuta sigara, nilimuuliza yule mfungwa alichofanya hadi akaletwa kwetu. Sikutarajia jibu la kweli. Katika miaka yangu pale nilikuwa nimekutana na watu wengi sana waliosingiziwa.

"Nilikata ndugu yangu na panga," akasema.

Alitoka ng'ambo ya Kerugoya, kwenye shamba la kahawa ambalo baba yao aliwaachia wawili bila kuwaonyesha mpaka vizuri. Methali inasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Hawa wawili waligombana kwa miaka kwa maneno, kila mmoja na jembe lake, mpaka asubuhi moja alipokuta ndugu yake anang'oa miche ya mpakani. Panga lilikuwa mkononi. Mkono wa kulia wa ndugu yake haukukatika, ila vidole havikukunjika tena. Mshtakiwa mwenyewe alikiri mbele ya hakimu wala hakuomba apunguziwe.

"Mimi sisumbuki juu ya kifungo," akaniambia. "Kifungo ni yangu. Lakini nataka kuomba Mungu juu ya hiyo mkono. Sijaomba tangu niingie hapa. Siwezi kuomba hivi."

Sina subira na watu wakaidi, wala sikuwahi kujifanya ninayo. Nikamwambia Mungu alimuumba bila kilemba, akamwona bila kilemba tumboni mwa mamake, na hata leo akitaka anaweza kumsikia akiwa kipara.

"Ni kweli, daktari," akajibu kwa adabu. "Hata nguo hakuniumba nayo. Lakini wewe umevaa."

Nilifunga mkebe wangu wa dawa kwa kishindo, nikamwambia aende zake. Jioni hiyo, nikipika, nilijikuta nikicheka peke yangu.

Nilikuwa nimepanga chumba Majengo, karibu na msikiti. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mzee aliyeuza viungo vya chai, na kila alfajiri nilisikia birika lake likimwaga maji taratibu kabla hajaenda kuswali. Uso, mikono, miguu. Hata baridi ingekuwa ya kuuma mifupa, miguu ilioshwa. Sikuwahi kumwambia aende na matope yake, Mungu ataelewa. Nilimsikiliza siku iliyofuata, nikiwa bado kitandani, nikaona kwamba sina hoja.

Basi nikamwendea sajini. Nilimkuta kwenye lango la ndani, akizungusha funguo.

"Mruhusu yule mtu afunge kilemba chake," nikamwambia. "Hata kwa muda mfupi tu, aombe."

"Afunge?" Akanikodolea macho. "Daktari, hapa kazi ya kufunga ni yetu. Mfungwa hafungi kitu."

Askari wenzake wakacheka, naye akacheka zaidi yao, na kwa wiki nzima mzaha ule ulizunguka gereza. Akipita mfungwa anayefunga kamba ya ndoo, utasikia askari: "Wewe! Hapa ni nani anafunga?" Hata mimi, nikifunga kidonda, niliulizwa kama nina kibali. Mzaha ukishapendwa gerezani hauzeeki, kwa maana hakuna mipya inayoingia.

Nilimwambia sajini kwamba wafungwa Waislamu, hasa wale wafanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki, walikuwa wakivaa kofia zao wakati wa swala na hakuna aliyewakataza. Hapo hakucheka.

"Kofia itanyonga nani?" akasema. "Ile kitu ya Mkorino ni ndefu kutoka hapa mpaka pale. Hiyo si dini, daktari, hiyo ni kamba."

Ndipo nilipokumbuka jambo nililosimuliwa na muuguzi aliyenitangulia. Kulikuwa na mfungwa, kijana wa watu, aliyejinyonga kwa kipande cha blanketi. Aliyekuwa zamu ni huyu sajini, na ndiye aliyemshusha kwa mikono yake, akamlaza sakafuni na kumpepea kwa kofia yake hadi daktari wa kweli alipokuja kumwambia aache. Kwa hiyo sikuweza kumchukia. Ningependa kumchukia, ingekuwa rahisi zaidi.

Mkorino naye hakutusaidia. Siku chache baadaye alichana ukingo wa blanketi lake ili ajifunge kichwani. Askari wakamkuta na kile kitambaa mkononi kabla hata hajakizungusha, na kati ya vitu vyote vilivyoweza kumtia sajini kichaa, hicho kilikuwa cha kwanza. Akafungiwa peke yake kwa kuharibu mali ya serikali. Alipotoka, aliletwa kwangu amekonda na kikohozi. Dawa ya kikohozi akaikataa. Sikio la kufa halisikii dawa, nikamwambia, naye akatabasamu kidogo, mikono kichwani.

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo kwa muda mfupi niliamini ni la busara kuliko yote ya maisha yangu. Nilikuwa na mabunda ya bandeji, meupe, mapya. Muuguzi akisema mgonjwa ana kidonda cha kichwa, nani atakayefungua kuangalia? Nilifunga mlango, nikalitoa bunda kabatini, nikamwekea mapajani.

"Sasa sikiliza," nikanong'ona. "Nitakuzungushia hii kichwani, vizuri, mpaka masikioni. Nitasema ulianguka. Utakaa nayo hata mwezi. Omba mpaka uchoke."

Aliitazama ile bandeji. Aliigusa kwa kidole kimoja, akaurudisha mkono wake haraka kichwani. Niliona alivyoitamani. Nilisema moyoni, amekubali.

"Na kidonda iko wapi?" akauliza.

"Hakuna kidonda! Ndiyo nakwambia, tutasema kipo."

Nje wafungwa walikuwa wakipasua kuni, na kila shoka liliposhuka dirisha lilitetemeka.

"Nitaenda kuomba Mungu msamaha," akasema, "na nitakuwa nimevaa uongo. Atauliza, hii ni nini umevaa? Nitasema ni hospitali."

Nilikasirika hasa. Nilikuwa nimevikwa vilemba vya ukoka vingi katika chumba kile na wafungwa waliotaka maziwa ya wagonjwa. Walinisifu urembo, walinisifu mikono, mmoja alisema nafanana na Bikira Maria. Leo natoa mwenyewe, bure, nikihatarisha kazi yangu, na mtu ananiuliza kidonda kiko wapi! Nilimwambia kwamba kama anataka kukaa uchi akae, mimi si kasisi. Akanishukuru. Huyo ndiye aliyekuwa mtu wa kunitia hasira: unamfokea, anakushukuru.

Mkewe alikuwa akija kila siku ya kuona wafungwa. Alipanda magari mawili kutoka kwao hadi Nyeri, na kila mara alikuja na kilemba kingine, kilichofuliwa na kupigwa pasi, kimekunjwa ndani ya gazeti. Kila mara langoni kilikataliwa. Siku moja saa ya chakula nilimkuta kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, ameketi wima, kilemba chake mwenyewe hakina hata kunyanzi, na lile gazeti magotini. Alinijua kwa koti langu.

"Wewe ndio daktari?"

"Ndimi, mama." Sikuwa na nguvu za kueleza.

"Anaomba?"

"Anakula," nikasema. "Amekonda kidogo lakini anakula, na kikohozi kimepungua."

"Mimi sikuuliza kukula," akasema, bila ukali wowote.

Nikamwambia ukweli, kwamba haombi. Akatikisa kichwa. Akasema amemwambia mumewe mara nyingi kwamba kilemba kikivuliwa kwa nguvu dhambi si yake, aombe tu, hata wazee wa kanisa lao wamesema hivyo. Lakini mumewe anasema aliyemkata ndugu yake hawezi tena kumwendea Mungu na visingizio. "Na huyo ndugu yake analala nyumba ya pili kutoka kwangu," akaongeza. "Mimi ndio namkatia kuni. Asubuhi naona akijaribu kufunga kifungo ya shati na meno. Nataka bwanangu aombe. Kama haombi, hiyo mkono tutaifanya nini?"

Nilimnunulia chai, akaiombea kwanza, kwa muda mrefu, mpaka ikapoa.

Siku hizo neno Katiba lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Sokoni, kwa vinyozi, hata kwenye mazishi, watu walikuwa wakisema Katiba ibadilishwe, na wengine walipigwa marungu kwa kusema hivyo. Mimi nililiona kama neno la wakubwa wanaogombania viti. Sikuwahi kufikiri kwamba ndani yake kunaweza kuwa na kitambaa cha kichwa cha mkulima wa kahawa.

Kulikuwa na desturi ya hakimu kuja mara kwa mara kukagua gereza na kuwasikiliza wafungwa. Desturi hiyo ilikuwa na desturi nyingine ndani yake. Jana yake sajini huwachutamisha wafungwa uani na kuwafundisha. "Mheshimiwa akiuliza malalamiko, mnasema nini?" Nao wote kwa pamoja: "Hakuna, afande!" Wanarudia mpaka sauti inakuwa moja. Mahakimu wengi waliridhika na kwaya ile, wakanywa chai ya mkuu wa gereza, wakaenda zao.

Safari hii alikuja hakimu mwanamke, mfupi, aliyevaa sweta nene chini ya koti lake la kazi. Sisi wafanyakazi tulipangwa ukutani. Akauliza kama kuna malalamiko, kwaya ikaimba "Hakuna!", na hapo katikati ya safu, kabla mwangwi haujaisha, Mkorino akasimama. Mikono kichwani.

"Chutama!" askari akafoka.

"Mwache," akasema hakimu. Akamsogelea. "Una nini? Kichwa kinakuuma?"

"Hapana, mheshimiwa."

Hakimu akageuka, akanitafuta kwa macho. "Muuguzi, huyu mtu anaumwa?"

Ni yeye wa kwanza kuniita kwa jina la kazi yangu, na sijui kama hilo ndilo lililonipa moyo. Mkuu wa gereza alikuwa akinitazama. Sajini alikuwa akinitazama. Kusema anaumwa kungekuwa rahisi. Angeletwa zahanati na mambo yakaisha. Nikatoka ukutani hatua moja.

"Haumwi, mheshimiwa. Ni Mkorino. Anataka kilemba chake ili aombe."

"Ulifungwa kwa nini?" hakimu akamuuliza.

"Nilikata ndugu yangu."

"Ulimkata kweli?"

"Nilimkata."

"Na leo unadai haki."

"Sitaki kutolewa, mheshimiwa. Kifungo nitamaliza. Nataka tu kuombea mkono yake. Nimekaa hapa tangu mvua ile kubwa na sijaomba hata siku moja."

Sajini hakuweza kuvumilia tena. Akapiga saluti ya nguvu. "Haki ya Mungu, mheshimiwa, ile kitambaa ni kamba! Mimi nimeona mtu na macho yangu! Haki ya Mungu!"

"Umesema haki ya nani, sajini?"

"Ya Mungu, mheshimiwa."

"Basi ndiyo hiyo hiyo anayokuomba."

Uani palilipuka kicheko. Safu zote, hata wazee wa vifungo virefu, walicheka hadi wengine wakaanguka kutoka kwenye kuchutama kwao. Sajini alisimama wima, masikio yamewiva. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma mbele ya watu.

Hakimu mwenyewe hakucheka. Alingoja kimya kirudi, kisha akasema na mkuu wa gereza, kwa sauti ambayo sote tuliisikia. Alisema Katiba inazungumza juu ya mtu na ibada yake. Imeandika mtu. Haikuandika mtu mwema, wala mtu ambaye hajamkata mwenzake. Mahakama ilichukua miaka ya huyu bwana, akasema, haikumchukulia Mungu wake. Kisha akamgeukia sajini, na hapo nikampenda zaidi, kwa sababu alisema: "Lakini na wewe una hoja. Sheria hiyohiyo inajua usalama. Mfungwa akifa mikononi mwako, ni haki gani nyingine atakayoidai? Tafuteni njia. Nikirudi nitauliza."

Njia iliyopatikana ofisini ilikuwa hii: kilemba kitakaa kabatini kwangu na bandeji. Jumapili, wenzake wakiwa kanisani, Mkorino ataletwa zahanati, akifunge, aombe, akifungue, akirudishe. Sajini atakuwepo mwanzo hadi mwisho, na kile kitambaa kisitoke machoni mwake.

"Umenianika, daktari," sajini akaniambia tulipotoka.

"Na wewe ulitaka nimwandikie wazimu," nikamjibu. Hatukusemezana mpaka Jumapili.

Siku ile mkewe alikuwa langoni tangu ukungu haujainuka. Sajini alikipokea kilemba, akakikung'uta, akakiinua kwenye mwanga, akapapasa pindo lote kwa vidole kama fundi cherehani. Kisha akakileta zahanati akiwa amekishika mbali na mwili wake.

Mkorino aliomba maji kwanza. Akanawa kichwa, akanawa uso, akavua viatu na kuviweka nje ya mlango. Nilimwona akiwa ameshusha mikono kwa mara ya kwanza. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, na utosini palikuwa na alama za vidole vyake mwenyewe.

"Afande," akasema, "nishikie hapa. Isiguse chini."

Sajini alinitazama. Nikainua mikono kuonyesha kwamba si kazi yangu. Ni yeye aliyeamriwa asiiache ile nguo itoke machoni mwake. Akashika ncha. Mkorino akashika ncha ya pili, akaiweka kwenye paji la uso, akaanza kujizungusha. Kila mzunguko ulimsogeza karibu na sajini. Sajini alikuwa anakaza, anaogopa kulegeza. Nilijua anamwona nani. Mpaka wakawa uso kwa uso, kitambaa kimekwisha, na Mkorino akaichukua ncha ya mwisho polepole kutoka vidoleni mwake na kuichomeka.

Nilikuwa nimetarajia ngoma, kusema kweli. Wakorino huomba kwa sauti, huinua mikono, hutetemeka, huimba. Nilikuwa nimefunga hata dirisha ili wa kanisani wasiudhike. Yeye aligeukia ukuta wa upande wa mlima, akainua mikono, akakaa kimya.

Akaendelea kukaa kimya. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka.

"Mbona haombi?" sajini akaninong'oneza. "Amesumbua watu hivi, sasa haombi?"

Mkorino alimsikia. Akasema bila kugeuka, kwa Kiswahili, ili tuelewe sote: "Walipokuwa wamenikataza, nilikuwa nasema ni wao. Sasa hakuna mtu amenikataza."

Mikono yake ikaanza kushuka, akaizuia, akaiinua tena. Kisha sauti ikatoka, si ile niliyoijua, ndogo, ya mtoto anayeita kutoka chumba kingine. "Muru wa maitu. Muru wa maitu." Alijaribu kwenda mbele akashindwa, akarudi palepale, tena na tena, machozi yakidondoka kwenye sare yake ya mistari. Nami nilikuwa nalia, sioni sababu ya kuficha.

"Anasema nini?" sajini akauliza.

"Mwana wa mama yangu. Ndivyo tunavyomwita ndugu."

"Huyo aliyemkata?"

"Huyo."

Kengele ya hesabu ikalia. Huko nje askari walikuwa wakiwapanga wafungwa waliotoka kanisani, na muda tuliopewa ulikuwa umekwisha. Sajini alitazama mlango, akatazama kile kitambaa, kirefu, cheupe, juu ya kichwa cha mtu aliyekuwa bado hajafika kwa Mungu.

"Basi mwache amwite," akasema, akaketi sakafuni.